Mwili Mmoja, Mavazi Mengi: Jinsi ya Kusoma Vyombo vya Maua vya Ujerumani Magharibi

Mtu anayekusanya vyombo vya maua vya Ujerumani Magharibi hujulikana kwa tabia moja: akikutana na chombo asichokijua, kabla ya kusifu rangi wala kuuliza bei, hukipindua. Kitakoni, mahali ambapo mwenye chombo wa kwanza huenda hakuwahi kupatazama, huwa kuna alama chache zilizokandamizwa katika udongo: namba ya tarakimu tatu, kistari, namba nyingine ya tarakimu mbili, na maneno W. Germany. Mara nyingi hakuna zaidi ya hapo. Jina la kiwanda halipo, jina la msanii halipo, mwaka haupo. Ukimya huo wa kitako ndio chanzo cha takriban mikanganyiko yote inayowasumbua wanaoanza kukusanya vyombo hivi, na nadhani ndio pia unaowafanya wengine washindwe kuacha.

Vyombo vinavyozungumzwa hapa ni vile vilivyotengenezwa viwandani, kwa wingi na kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aliimudu, kati ya mwaka 1949, ilipoundwa Jamhuri ya Shirikisho la Ujerumani, na mwaka 1990, Ujerumani mbili zilipoungana. Si kaure ya makasri ya wafalme, wala si kazi za mfinyanzi mmoja aliyekaa na gurudumu lake. Vilinunuliwa madukani, vikatolewa zawadi siku za kuzaliwa, vidogo vikawekwa kwenye ukingo wa dirisha na vile vikubwa, vya karibu nusu mita na hata zaidi, vikasimamishwa sakafuni kando ya kochi. Wapwani wanaijua desturi ya kupamba nyumba kwa vyombo vya udongo uliochomwa, kwa kuwa wazee wao walivipanga katika zidaka na hata wakapachika bakuli za Kichina katika nguzo za makaburi ya Kunduchi na Mambrui. Tofauti ni kwamba vya Wajerumani hawa havikuja kwa jahazi kutoka mbali, bali vilitoka tanurini katika mji wa jirani, vingi kiasi kwamba watoto wao walipovirithi hawakuona sababu ya kuvithamini.

Tuanze na neno Germany lenyewe, kwa sababu ndilo linalotoa habari ya kutegemewa kuliko zote. Kuandika jina la nchi kwa Kiingereza juu ya bidhaa za Kijerumani kulianzia katika sheria za wanunuzi. Uingereza ilipitisha sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887, na Marekani ikaweka sharti la kutaja nchi ya asili katika sheria yake ya ushuru ya mwaka 1890. Baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi ilipokuwa imegawanywa katika kanda za washindi, bidhaa zilizotoka katika kanda ya Wamarekani zilibeba maneno U.S. Zone, na chombo chenye alama hiyo huwekwa katika miaka michache ya kati ya 1945 na 1949. Kuanzia hapo upande wa magharibi uliandika West Germany, Western Germany, au kwa kifupi W. Germany, na upande wa mashariki ukaandika GDR au, kwa Kijerumani, DDR. Viko pia vyombo vyenye neno Germany pekee, na viko vyenye neno Foreign tu, ambalo lilitosha kwa mnunuzi wa Uingereza lakini halimsaidii chochote mkusanyaji wa leo. Kwa hiyo anayesoma W. Germany amepata mipaka ya miaka 41, ingawa mpaka wa mwisho una ulegevu kidogo, maana kalibu zilizokwisha kuchorwa maneno hayo hazikutupwa usiku wa tarehe 3 Oktoba 1990 kwa kuwa tu nchi imebadilika.

Namba ndiyo inayopotosha. Mgeni akiona 414-16 hudhani kwamba ni namba ya bidhaa nzima, na kwamba akiitafuta ataletewa chombo chake na ndugu zake wanaofanana nacho. Anachokipata ni majagi ya kila rangi, mengine ya kahawia yenye mistari, mengine mekundu, mengine yenye ngozi iliyokwaruzika kama gome la mwembe, na yote yana 414-16 kitakoni. Kwa mtindo wa Scheurich, kiwanda kinachohesabiwa kuwa kilizalisha kwa wingi kuliko vyote, tarakimu za kwanza ni namba ya umbo na za mwisho ni urefu kwa sentimita. Chombo chenye 517-38 ni umbo la 517 lenye kimo cha sentimita 38, na umbo hilohilo lilitolewa pia katika vimo vingine. Namba haisemi kabisa chombo kimepakwa nini. Inahesabu mwili, haihesabu vazi.

Hili likieleweka, nusu ya fumbo imefumbuliwa. Kila chombo cha Ujerumani Magharibi ni makutano ya vitu viwili vilivyobuniwa mbali mbali, mara nyingi na watu tofauti: umbo, yaani mwili wa udongo wenye tumbo, shingo, mdomo na pengine mkono, na pambo, yaani rangi, mchoro na glezi, lile tabaka linalong'aa au kukwaruza kama kioo, iliyoufunika mwili huo. Kiwanda kilikuwa na orodha ya maumbo na orodha ya mapambo, kikaoanisha cha huku na cha kule kwa kadiri soko lilivyotaka, kama vile mtu mmoja anavyoonekana leo ndani ya kanga na kesho ndani ya dera. Mfano unaotajwa sana ni jagi la kiwanda cha Ruscha lenye namba 313, lililobuniwa na Kurt Tschörner mwaka 1954. Jagi hilo liliendelea kutolewa kwa miaka mingi, kwanza likiwa na michoro na mistari myembamba ya miaka ya 1950, baadaye likiwa limefunikwa na glezi nzito za muongo uliofuata, na mtu akiyaweka mawili sambamba bila kuyapindua anaweza kuapa kwamba yametoka katika nchi mbili. Nafahamu kwamba wapo wakusanyaji wasiokusanya kitu kingine ila namba 313, wakitafuta kila vazi ambalo jagi hilo liliwahi kuvishwa, na siwezi kusema kwamba wamekosa akili.

Mapambo nayo yalikuwa na majina, na majina hayo yana ladha ya safari ambazo Wajerumani wa zama zile walianza kuzimudu, au kuziota: Scheurich walikuwa na Amsterdam, Ruscha walikuwa na Milano, Carstens walikuwa na Ankara, pambo la msanii Gerda Heuckeroth. Tatizo ni kwamba jina la pambo kwa kawaida halikuandikwa kwenye chombo. Liliandikwa katika katalogi ya wauzaji wa jumla na pengine kwenye stika ya karatasi au ya foili, na stika ndiyo iliyokuwa ya kwanza kubanduliwa mama wa nyumba alipotaka kuosha chombo. Kwa sababu hiyo katalogi za zamani za viwanda zimekuwa na thamani kubwa kwa watafiti, na jina lolote la pambo linalotajwa na muuzaji bila katalogi au stika ya kulithibitisha lichukuliwe kama lakabu hadi ushahidi upatikane.

Kutokana na mgawanyo huo wa mwili na vazi, tarehe nayo inahitaji uangalifu. Mwaka ambao umbo lilibuniwa si lazima uwe mwaka ambao chombo kilicho mkononi kilichomwa, kwa kuwa umbo lililopendwa liliweza kukaa katika orodha kwa miaka kumi na zaidi. Anayesema "jagi hili ni la 1954" kwa kuwa umbo ni la 1954 anafanya kosa linalofanana na la mtu anayekadiria umri wa kanzu kwa kutazama umri wa aliyeivaa. Pambo ndilo linalokaribia zaidi ukweli wa tarehe, maana mitindo ya mapambo ilipita upesi kuliko maumbo.

Ili kuona kwa nini mambo yalikuwa hivyo, inafaa kuingia kiwandani. Mwili wa chombo haukufinyangwa kwa gurudumu isipokuwa mara chache, ulimiminwa. Udongo ulikorogwa na maji ukawa uji mzito, ukajazwa ndani ya kalibu ya jasi yenye vipande viwili au zaidi, na jasi, ambayo hunywa maji kwa pupa, ikafyonza unyevu wa uji uliogusana nayo hata ukuta wa udongo ukaganda kuzunguka ndani ya kalibu. Ukuta ulipofikia unene uliotakiwa, uji uliobaki ulimwagwa, kalibu ikafunguliwa, na chombo kitupu ndani kikatolewa kikiwa bado laini. Namba na maneno ya kitakoni yalikuwa yamechongwa katika kalibu yenyewe, ndiyo maana hutokea katika kila chombo bila mtu kuyaandika, na ndiyo maana pia hayakuweza kutaja pambo: wakati kalibu inachongwa, hakuna aliyejua vazi litakalofuata. Mshono mwembamba ambao pengine huonekana ubavuni, mahali vipande vya kalibu vilipokutana, unatokana na njia hiyo, wala si dosari. Kalibu ya jasi huchakaa, na kadiri inavyochakaa maandishi hufifia; namba isiyosomeka vizuri huenda ilizaliwa na kalibu iliyokuwa ikikaribia kustaafu.

Baada ya mwili kukauka ulipakwa glezi, yaani mchanganyiko wa madini ambao ukiyeyuka tanurini hugeuka tabaka la kioo. Hapa mkono wa mtu ulirudi. Glezi ilinyunyizwa, ikamiminwa, ikapakwa kwa brashi huku chombo kikizungushwa polepole, na kwa kuwa glezi nzito hutiririka kwa namna yake katika joto, vyombo viwili vya namba moja na pambo moja havikutoka sawa sawa. Bidhaa hii, basi, ina mwili wa mashine na ngozi ya bahati, na sidhani kama ningevutiwa nayo endapo upande mmoja ungekosekana.

Glezi iliyovipa vyombo hivi umaarufu wa leo ni ile inayofanana na mawe ya volkano. Siri yake ni gesi. Fundi aliongeza katika glezi unga wa kabidi ya silikoni, kitu kilekile kigumu kinachotumika kutengenezea msasa. Joto lilipopanda na glezi ikaanza kuyeyuka, kabidi hiyo ilivunjika na kutoa gesi ya kaboni. Gesi ikatafuta njia ya kupanda ndani ya glezi nzito kama uji unaochemka, mapovu yakavimba na kupasuka juu, na kwa kuwa glezi ilikuwa nzito mno kuyafukia mashimo kabla ya kupoa, mashimo yakabaki. Kwa kupima kiasi cha unga, unene wa glezi na joto la tanuri, mafundi waliweza kupata kitu chochote kati ya ngozi yenye vitundu vidogo kama vya mkate wa kumimina na magamba manene meusi yanayokwaruza kidole. Waliipenda zaidi tofauti: sehemu ya magamba yasiyong'aa ikizunguka utepe wa rangi ya chungwa au nyekundu unaong'aa kama umelowa. Nyekundu na chungwa hizo kali mara nyingi zilitokana na misombo ya kadimiamu na seleniamu, ambayo ni rangi zenye deko, maana joto likizidi hupotea.

Anayetajwa kuwa kinara wa glezi hizi ni Otto Gerharz, fundi wa glezi wa Ruscha, ambaye mwaka 1959 alitoa glezi iliyoitwa Vulcano, yenye wekundu na weusi unaokumbusha kaa la moto. Jina linatosha kueleza walichokuwa wakikitafuta. Tukumbuke lakini kwamba jina la jumla linalotumika leo, Fat Lava, yaani lava nene, si la Wajerumani wala si la zama hizo. Ni lakabu iliyoenezwa na wakusanyaji wanaozungumza Kiingereza, na ilipata nguvu mwaka 2006, mkusanyiko wa Mwingereza Graham Cooley ulipoonyeshwa katika mji wa King's Lynn na Mark Hill akaandika kitabu kilichoufuata. Tangu hapo lakabu imemeza kila kitu. Wauzaji huita lava nene hata chombo chenye glezi laini kama yai, mradi kina W. Germany kitakoni, na mnunuzi anayefuata lakabu badala ya macho yake hulipia mashimo ambayo hayapo.

Jambo hilo limevionea hasa vyombo vya miaka ya 1950. Katika muongo huo, nchi ikiwa imetoka katika vifusi na kupata sarafu mpya ya Deutsche Mark mwaka 1948, watu walitaka wepesi: maumbo yaliyopinda upande mmoja, shingo zilizoinama, weusi usiong'aa wenye mistari ya njano, buluu na nyeupe, na michoro iliyokopa kutoka kwa wachoraji wa kisasa ambao utawala wa Wanazi ulikuwa umewapiga marufuku. Bodo Mans, aliyebuni mapambo kwa kiwanda cha Bay, alijaza vyombo vidogo michoro ambayo mtu asingeshangaa kuikuta kwenye turubai. Miaka ya 1960 ilipoendelea vyombo viliongezeka uzito na rangi zikakolea. Miaka ya 1970 ikaleta kahawia, chungwa, na vile vikubwa vya sakafuni. Kwa macho yangu kazi bora za Mans na wenzake zinaizidi lava yoyote, ila bei za sokoni hazinifuati.

Sasa tuje kwenye swali linalozua ubishi mkubwa kuliko yote: nani alikitengeneza? Wengi hufikiri kwamba viwanda vyote vilikuwa sehemu moja, na kwa kiasi fulani wana haki, kwa sababu eneo la Westerwald, mashariki ya mto Rhine, lina udongo mzuri na historia ya karne kadhaa ya vyombo vigumu vya kijivu na buluu vilivyochomwa kwa chumvi. Sehemu yake moja huitwa Kannenbäckerland, nchi ya waoka majagi, na mji wake wa Höhr-Grenzhausen una shule ya ufundi wa kauri iliyoanzishwa mwaka 1879 pamoja na jumba la makumbusho la kauri. Hapo na katika mji jirani wa Ransbach-Baumbach ndipo walipokuwa Bay, Jasba, Fohr, Steuler, Dümler & Breiden, Ü-Keramik na Ceramano. Jasba lenyewe ni jina lililofumwa kutoka kwa Jakob Schwaderlapp na Baumbach, kama ambavyo Ruscha limetokana na Rudolf Schardt.

Hata hivyo, baadhi ya vile vikubwa havikuwa huko. Scheurich kilianza mwaka 1928 kama biashara ya jumla ya vioo na kauri ya Alois Scheurich na binamu yake Fridolin Greulich huko Schneeberg, kikahamia Kleinheubach kando ya mto Main baada ya vita, na ndipo, mwaka 1954, kikaanza kutengeneza kauri zake. Ukoo wa Carstens, waliokuwa na viwanda Rheinsberg na Thüringen, walivipoteza chini ya utawala mpya wa mashariki wakaanza upya Lower Saxony, upande wa magharibi. Ruscha kilikuwa Rheinbach, karibu na Bonn, mji ambao pia ulikuwa na ES Keramik. Ramani hii si ya kumchosha msomaji bure. Inaonyesha kwamba sehemu ya tasnia hii ilijengwa na watu waliohama na kuanza sifuri, na kwamba mtindo haukuwa mali ya bonde moja.

Watu nao walizunguka. Otto Gerharz, yule wa Vulcano, aliondoka Ruscha na mwaka 1964 akaanzisha kiwanda chake, Otto Keramik, palepale Rheinbach, na maumbo yake mengi yakabuniwa na Kurt Tschörner, mwenye jagi la 313. Hanns Welling, mbunifu mwingine, alifanya kazi kwa Ruscha na pia kwa Ceramano. Fundi akihama huhama na kichwa chake, na mapishi ya glezi yamo humo. Kwa hiyo anayesema "glezi hii ni ya Ruscha, basi chombo ni cha Ruscha" anaegemea ushahidi ambao ulikuwa na miguu.

Je, ushahidi gani unasimama? Kwanza ni umbo pamoja na namba, vikilinganishwa na katalogi au na chombo kingine kilichobaki na stika yake. Pili ni mtindo wa kuandika namba: Scheurich hutenganisha umbo na urefu kwa kistari, Carstens mara nyingi huwa na namba ndefu zaidi kabla ya kistari, na Bay mara nyingi hutaja jina lake na kuacha nafasi kati ya namba mbili. Ceramano ni raha ya mkusanyaji, kwa kuwa jina la kiwanda, na pengine la pambo, kama Rubin au Pergamon, limekwaruzwa kitakoni kwa mkono kama sahihi. Tatu ni rangi ya udongo kwenye ukingo wa kitako usiopakwa glezi; udongo wa Scheurich kwa kawaida ni mweupe, na chombo chenye udongo mwekundu wa tofali kinachouzwa kwa jina hilo kinastahili kuulizwa swali la pili. Hakuna hata moja kati ya haya linalotosha peke yake. Na ikiwa yote matatu yakichanganywa hayatoi jibu, jibu la heshima ni kuandika kwamba kiwanda hakijatambuliwa, jambo ambalo wauzaji hulichukia kwa sababu jina kubwa huuza.

Upande wa mashariki unastahili neno, ingawa fupi. Strehla na Haldensleben, viwanda vya Ujerumani Mashariki, vilitoa vyombo ambavyo kwa mbali havitofautiki na ndugu zao wa magharibi, vingi vikiwa na namba tupu bila jina la nchi, na baadhi viliuzwa nje ili kuleta fedha za kigeni. Namba isiyo na W. Germany, basi, isijazwe maneno hayo kwa kukisia. Vyombo vya Kiitaliano navyo huingizwa katika kapu hilihili mara kwa mara, ingawa Waitaliano kwa kawaida waliandika Italy kwa mkono wazi kabisa.

Anayenunua apitishe kidole mdomoni na kwenye ukingo wa kitako kabla ya kutazama kitu kingine, kwa sababu huko ndiko vyombo hugonga. Glezi ya lava huficha majeraha vizuri. Tofauti ya kovu la tanuri na kovu la ajali ni kwamba shimo lililozaliwa tanurini lina kingo zilizoyeyuka na kulainika, ilhali lililotokana na kugongwa lina kingo kali na huonyesha udongo mkavu ndani. Chombo kigongwe kidogo kwa kifundo cha kidole: kilicho kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti butu. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui juu ya glezi ni jambo jingine, hutokea pale glezi na udongo vinaposinyaa kwa viwango tofauti, na kwa vyombo vya umri huu si sababu ya kukataa, ila maji yanaweza kupenya na kuchafua meza. Mabaki ya chokaa ndani hutaka uvumilivu. Siki hufanya haraka lakini isikae karibu na glezi za rangi kali, kwa kuwa tindikali inaweza kuzidhuru.

Tindikali inatuleta kwenye onyo ambalo halipaswi kufichwa nyuma ya uzuri. Vingi vya vyombo hivi vina umbo la jagi, vina mkono na mdomo wa kumiminia, na vinamkaribisha mtu avitumie kwa maji ya ndimu au togwa. Visitumiwe hivyo. Glezi za zama hizo huenda zina risasi na kadimiamu, na kinywaji kichachu huweza kuzitoa. Mkono ule uliwekwa kama pambo, na jagi lilikusudiwa maua, au kukaa tupu.

Bei hufuata mantiki ambayo sasa msomaji anaweza kuikisia. Umbo la kawaida lenye pambo la kawaida, hasa la kahawia, bado hupatikana kwa bei ya chini katika masoko ya vitu vikuukuu ya Ujerumani na Uholanzi, kwa kuwa yalitolewa kwa wingi na mengi yamesalia. Umbo hilohilo likivaa pambo lililotolewa kwa muda mfupi, au rangi ambazo wanunuzi wa zamani hawakuzipenda sana, kama zambarau, bei hupanda kwa kasi. Adimu ya leo mara nyingi ni bidhaa iliyododa jana. Ukubwa huongeza bei, pia huongeza gharama ya kusafirisha, na vyombo vingi vya sakafuni vilivyonusurika watoto, paka na kuhamahama kwa miaka 50 huvunjikia katika boksi lililofungwa kwa haraka. Stika ya asili ikiwapo huthibitisha jina, lakini stika hubandukika na hubandikika, kwa hiyo itazamwe pamoja na namba, isiipiku.

Tasnia yenyewe ilififia kabla ya nchi iliyochongwa vitakoni haijafutika. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 gharama ya kuwasha matanuri ilipanda nayo, bidhaa rahisi zikaingia kutoka nje, na vijana wa miaka ya 1980 hawakutaka sebule zinazofanana na za wazazi wao. Carstens kilifunga mwaka 1984, Dümler & Breiden mwaka 1992 baada ya zaidi ya miaka mia moja. Scheurich kingali hai Kleinheubach, lakini kinachotoka huko siku hizi ni vyungu vya mimea: vya rangi tulivu, ngozi laini, na kitakoni neno Germany limebaki peke yake.